Raha ya Kurambaza Wakati wa Maleleji

Wanafunzi wengi wa kisiwa chetu wamezaliwa karibu na pwani, na harufu ya samaki waliijua kabla hawajajua kusoma. Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Kwa nini mjomba wako jana hakwenda kuvua, na leo amekwenda?" huenda akakujibu, "Sijui, ni desturi yao tu." Si desturi tu. Nyuma ya desturi hiyo ipo elimu, na ndani ya elimu hiyo imo raha isiyopimwa kwa mizani ya sokoni. Somo letu la muhula huu ni juu ya kurambaza, yaani kuvua kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na khasa kurambaza katika siku za maleleji.

Kwanza tutazame majira. Pepo zetu kubwa ni mbili. Kusi huanza kuvuma mnamo mwezi wa Aprili, hupata nguvu Juni mpaka Agosti, kisha hulegea kidogo kidogo. Kaskazi hushika kuanzia Disemba mpaka Machi. Baina ya pepo hizo mbili, mnamo Oktoba na Novemba, upepo huwa mchache na wa kubadilika. Hayo ndiyo maleleji. Wengine huziita siku hizo tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kutweka tanga kwenda kaskazini au kusini bila ya kupingwa sana. Chombo kidogo ambacho Julai hakithubutu kutoka nje ya mwamba, sasa huweza kwenda na kurudi salama.

Siku hizo hizo, katika nchi za Ulaya, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na baridi huanza kuingia. Wako watu huko ambao katika majira hayo huacha shughuli zao wakaenda kusimama mtoni, maji yakiwafika magotini, kumvua samaki aitwaye trauti, apendaye maji baridi yaendayo kasi. Hawatumii nyama wala mnyoo. Ndoana yao huivika manyoya na nyuzi hata ikafanana na nzi aliyeangukia majini, nao huirusha juu ya maji kwa ufito mrefu. Ujuzi huu ni wa kale. Aelian, mwandishi wa Dola ya Kirumi aliyeishi yapata miaka 1800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo katika ndoana. Hata Afrika Mashariki trauti yupo: aliletwa Kenya mwaka 1905 na Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, ambako maji ni baridi.

Pemba hatuna mito ya namna hiyo. Lakini nyoya la jogoo tunalo, na hila ni ile ile. Mvuvi wa kurambaza hufunga nyoya jeupe, au nyuzi za kamba ya nailoni zilizochambuliwa zikang'ara, akaficha ndoana ndani yake. Chombo kikienda, nyoya hutapatapa majini kama kidagaa kinachokimbia. Nguru, jodari na kolekole huishi kwa kufukuza samaki wadogo, na mwenye kufukuza hana wakati wa kuchungua. Akisita, chakula kimempita. Kwa hiyo siri ya nyoya haimo katika uzuri wake, bali katika mwendo wake. Chombo kikienda polepole mno, samaki hulitambua. Kikienda kasi mno, nyoya hurukaruka juu ya maji. Mvuvi hujua kwa mkono wake, kwa jinsi mshipi unavyotetema kidoleni.

Sasa tujiulize, kwa nini samaki hao wakubwa wapo karibu nasi? Jibu lipo magharibi ya kisiwa. Kati ya Pemba na bara ni mwendo wa kilomita 50 hivi, lakini bahari iliyopo hapo ni kilindi kifikacho mita 800. Ndani ya mlango huo hupita mkondo mkubwa uendao kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huelekea upande mmoja, maji yakaenda kasi. Kaskazi ikivuma, upepo huupinga mkondo nao hupungua. Basi mahali ambapo kilindi kinakutana na ukuta wa mwamba, kama karibu na kisiwa cha Misali, vidagaa hukusanyika, na wakubwa huwafuata.

Mvuvi hodari hatembei ovyo baharini. Husoma alama kama wewe unavyosoma kitabu. Nazo kubwa ni hizi tatu:

Ya kwanza ni ndege. Ukiona membe wengi wanazunguka mahali pamoja na kujitupa majini, jua kwamba chini yao wako samaki wakubwa wanaowasukuma vidagaa juu. Usipite katikati ya kundi, maana utawatisha. Pita pembeni, nyoya lako likate ukingo wake.

Ya pili ni rangi ya maji. Maji ya kijani ni ya mwamba, ya buluu iliyokoza ni ya kilindi. Mpaka wa rangi hizo mbili ndiyo njia ya mwenye kurambaza.

Ya tatu ni mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua, na maji ya kwetu huweza kupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Mnamo tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Tena maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Asiyejua hesabu hii huenda akarudi na kukuta pwani imekauka, akaburuta chombo chake juu ya matope.

Nami nitawasimulia siku niliyojifunza kwamba kujua alama hakutoshi. Nilikuwa na umri wa miaka 13, na mjomba wangu alinichukua katika ngalawa yake, tukatoka Wesha alfajiri ya mwezi wa Novemba. Bahari ilikuwa kama mafuta. Tulitweka tanga, nikapewa mshipi niushike, nao ulikuwa na kipande cha waya karibu na ndoana, kwa sababu meno ya nguru hukata uzi kama mkasi. Kwa muda mrefu sikusikia kitu ila maji yakisugua ubavu wa chombo. Wala sikuchoka. Nilikuwa nikingoja kwa mwili mzima, na kungoja kule kulikuwa na ladha yake. Mara mshipi ukanichoma kidole na kukimbia. Mjomba alisema kwa sauti ndogo, "Mpe, mwanangu. Mpe. Akichoka ndipo umvute." Nilimwona nguru akipinduka mbali, tumbo lake likimetameta kama fedha, nikaingiwa na tamaa. Nilizungusha mshipi mkononi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mshipi ukakatika juu ya waya. Nikabaki na uzi mtupu na mkono unaotoka damu.

Mjomba hakunigombeza. Alinifunga kitambaa mkononi, akachukua nyoya jingine, akaanza kulifunga taratibu. Siku ile hatukupata samaki mwingine. Jioni nyumbani kwetu, ambako watu saba walikuwa wakitungoja, tulikula muhogo mkavu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Wazee wamesema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na ni kweli. Lakini mwenye pupa huula ingawa ametoka baharini. Mwaka uliofuata, maleleji yaliporudi, nilimpata nguru wangu wa kwanza. Nilimpa mshipi mara nne kabla ya kumvuta. Nadhani raha yangu kubwa siku ile haikuwa kumwona chomboni, bali kule kumpa mara ya nne, hali moyo wangu ulitaka kuvuta.

Wanafunzi, siku hizi wako vijana wanaoudharau mshipi, wakisema ni chombo cha maskini. Husifu nyavu za kukokota, ambazo kwa saa moja huleta kikapu kizima. Lakini tazameni yaliyomo katika kikapu hicho: changu wa urefu wa kidole, tasi ambao hawajazaa hata mara moja, na vipande vya matumbawe vilivyong'olewa. Aliyekokota leo amevua na samaki wa mwakani. Mwenye kurambaza huchukua samaki mmoja mmoja, aliyekwisha kukua, wala chombo chake hakigusi mwamba. Ni kwa ajili ya kuhifadhi mwamba huo kwamba Misali ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na sehemu yake moja imekatazwa kuvua kabisa. Marufuku ni jambo jema. Lakini mlinzi mmoja hawezi kuilinda bahari nzima. Kilicho bora zaidi ni mvuvi anayeipenda kazi yake, hata asitamani kuiharibu.

Sisemi kwamba kila mmoja wenu awe mvuvi. Wengine mtakuwa walimu, waganga na mahakimu. Nasema tu kwamba wajomba na baba zenu wana elimu ya pepo, mwezi na maji ambayo haijaandikwa yote vitabuni. Likizo ya Disemba ikaribiapo, mwombeni mmoja wao awachukue siku moja. Mshikeni mshipi wenyewe. Mkinyamaza na kungoja, mtajua kwa nini mtu mzima huondoka kitandani usiku, na tena kwa furaha.

MASWALI

1. Maleleji ni nini, na kwa nini siku hizo huitwa pia tanga mbili?

2. Mwendo wa chombo una kazi gani katika kumhadaa samaki? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

3. Leo maji yamejaa saa 4 asubuhi. Kesho asubuhi yatajaa yapata saa ngapi? Na baada ya siku tatu?

4. Mwulize mvuvi mmoja wa kijijini kwenu majina ya samaki watano aliowavua utotoni ambao sasa ni adimu. Andika aliyokueleza, na sababu anazodhani yeye.