ALP imepanda baada ya homa: je, mifupa ya mtoto ina ugonjwa?

Kwenye karatasi ya vipimo vya ini huwa kuna mstari wa herufi tatu: ALP. Ni kifupi cha alkalini fosfatasi, kimeng'enya ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha ini. Kwa mtoto anayekua, sehemu kubwa yake hutoka mifupani. Mtaalamu wetu wa kemia ya damu anajibu maswali anayoulizwa mara kwa mara dirishani kwake maabara.

Swali: Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Aliharisha, akapata homa, akapimwa damu. ALP imesoma 2,140 na karatasi inasema isizidi 400 na kitu. Nimeambiwa huenda ana matege. Sasa hivi anakula na kucheza. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana mama, na kwanza ondoa hofu. Iko hali inayojulikana kwa madaktari tangu miaka ya 1950: mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka miwili, anaumwa tumbo au mafua, kisha ALP yake inapaa mara 4 au 5 ya kiwango cha juu, pengine zaidi ya hapo, halafu inashuka yenyewe bila dawa. Vigezo vyake viliwekwa mwaka 1985: mtoto awe chini ya miaka 5, asiwe na dalili za ugonjwa wa ini wala wa mifupa, na ALP irudi kawaida ndani ya miezi 4. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kimeng'enya hicho huchelewa kuondolewa kwenye damu.

Lakini asihesabiwe kuwa na hali hiyo kabla hajakaguliwa. Daktari amshike vifundo vya mikono: mtoto mwenye matege huwa na mifupa iliyopanuka pale, mithili ya aliyevaa bangili chini ya ngozi. Apapase mbavu, pale zinapokutana na kifua, kama kuna vinundu. Aangalie miguu. Kisha damu ipimwe kalisi, fosfeti na GGT, kimeng'enya kingine cha ini. Kama vyote ni vizuri, ALP irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8.

Linaloniuma ni mtoto kama huyu kuchomwa sindano kubwa ya vitamini D kwa ajili ya namba moja tu. Vitamini D ikizidi hupandisha kalisi kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia.

Swali: Kumbe ALP inatoka wapi hasa?

Jibu: Kwenye mifupa, ini, utumbo, na kwa mjamzito kwenye kondo la nyuma. Mwanabiokemia Robert Robison alionyesha huko London mwaka 1923 kwamba gegedu linalogeuka mfupa lina kimeng'enya hiki kwa wingi. Kujua kimetoka wapi, tunapima GGT: ini lenye shida huipandisha, mfupa hauigusi. Kipo pia kipimo cha ALP ya mfupa peke yake, ila maabara nyingi za wilaya hazina.

Swali: Maambukizi yanaufanya nini mfupa?

Jibu: Hapa ndipo wengi tunapokosea kusoma majibu. Mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku. Mwili ukiwa vitani na vijidudu, seli za kinga hutoa kemikali kama interlukini-6, ambazo huzichochea seli zinazobomoa mfupa, huku seli zinazojenga zikipunguza kazi. Na hizo zinazojenga ndizo zinazotoa ALP. Kwa hiyo kwa mgonjwa mahututi, ALP ya mfupa inaweza kushuka. Wakati huohuo, vijidudu vikienea kwenye damu, nyongo hukwama na ini hupandisha ALP yake. Jumla ikisoma kawaida, yawezekana ni mambo mawili yanayovutana, na wewe ukaandika "hakuna tatizo".

Vitamini D nayo hushuka kwenye damu siku chache tu baada ya homa kali au upasuaji, kwa sababu protini inayoibeba hupungua. Ukiipima siku hiyo, utasema mtu ana upungufu ambao pengine hana.

Swali: Mwanangu ana selimundu na mguu unamuuma. Je, ALP itaonyesha kama mfupa umeingiwa na vijidudu?

Jibu: Hapana. Mara nyingi husoma kawaida hata usaha ukiwa ndani ya mfupa. Picha ya eksirei nayo inaweza kuwa safi kwa siku 10 za mwanzo. Damu ioteshwe kabla ya antibayotiki, na CRP, protini inayopanda mwili ukiwa vitani, ipimwe. Kwa watoto wa selimundu, Salmonela ni miongoni mwa wahusika wakubwa. Mpeleke leo, usisubiri.

Swali: Maabara yenyewe inaweza kukosea?

Jibu: Ndiyo, na kosa moja nimeliona mara nyingi. ALP inahitaji zinki na magnesiamu ili ifanye kazi. Chupa yenye kifuniko cha zambarau, ile ya picha kamili ya damu, ina kemikali inayoyafunga madini hayo. Damu yake ikimiminwa kwenye chupa nyingine kwa sababu iliyotolewa haikutosha, ALP huporomoka, kalisi huporomoka, potasiamu hupaa. Ukiona majibu matatu ya namna hiyo pamoja, usimtibu mtu. Chukua damu upya.

Swali: Sisi wazazi tusaidieje?

Jibu: Siku mtoto anapotolewa damu, andika pembeni ya karatasi alikuwa na joto kiasi gani, anaharisha au la, na anatumia dawa zipi. Omba CRP ipimwe kwa damu hiyohiyo, maana humwambia daktari kama namba zile zilichukuliwa mwili ukiwa vitani. Na karatasi hiyo usiitupe. Njoo nayo siku ya kurudia kipimo.