Somo la Mwezi: Waliombeba, na Yule Aliyerudi

Kwanza yasomwe: Marko 2:1-12 na Luka 17:11-19.

Habari hizi mbili za Injili twazijua tangu mafundisho ya ubatizo, nasi walimu tumezifundisha mara nyingi. Lakini liko neno ambalo mtu hulijua kwa midomo tu, hata siku linapobisha hodi nyumbani mwake. Basi nitawasimulia lililotupata sisi, kisha tulipime kwa Maandiko.

Jioni moja mdogo wangu alianguka na pikipiki, akajigonga kichwa penye panja. Alizimia kidogo, akaamka, akajipangusa vumbi, akarudi kwake akicheka. Akala chakula. Usiku kichwa kikaanza kumwuma, akatapika, kisha akashikwa na usingizi mzito wa kukoroma. Baba mdogo akasema, "Mwacheni alale, usingizi ni dawa. Sisi na tuombe mpaka asubuhi."

Mkewe akajibu kwa adabu, "Baba, huu si usingizi wa mume wangu. Namwita, hanisikii. Tumwombee njiani."

Tukaleta taa, tukaona mboni ya jicho moja imepanuka kuliko ya pili. Tukambeba.

Daktari alitueleza hivi: Ndani ya mfupa wa panja hupita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika hapo, mshipa huweza kupasuka, na damu hukusanyika kati ya mfupa na utando ufunikao ubongo. Fuvu halitanuki kama tumbo. Damu ikizidi, ubongo hubanwa. Ndiyo maana mtu huweza kuamka na kuzungumza kwa saa kadha wa kadha, kisha akazama. Dawa yake ni kufungua mfupa, kuiondoa damu iliyoganda, na kuuziba mshipa, tena upesi. Akatuletea karatasi ya kutia sahihi, akasema, "Siwezi kuwaahidi kwamba atapona. Tukikawia, atakufa." Shemeji akaishika kalamu, mkono ukitetemeka, akaandika jina lake. Mzee wa kanisa aliyekuwa pamoja nasi akaomba kwa maneno machache: mikono ya daktari iwe imara, na sisi tusimwache Mungu, lije lijalo.

Sasa tujifunze mambo matatu.

La kwanza: Imani ina miguu. Wale watu wanne wa Kapernaumu hawakukaa kwao wakitazamia muujiza uwafuate. Walibeba, walipanda juu, walitoboa dari. Na Injili yasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Aliionaje? Katika kazi yao. Asemaye "tuombe" na asemaye "tumpeleke" wasishindane, maana maneno yao ni mamoja. Laiti tungalingoja asubuhi, nadhani tungalimzika.

La pili: Mungu huponya kwa mikono ya watu. Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika waraka juu ya jambo hili. Aliwafundisha watu kutumia dawa na kujilinda, na kwamba kuzidharau dawa si imani bali ni kumjaribu Mungu. Nasi tunao mfano wa karibu. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Tanzania. Hakupasua wagonjwa tu. Alimfundisha daktari msaidizi wa hapo, Emmanuel Mayegga, kuifanya kazi hiyo, ili mgeni akiondoka ujuzi ubaki. Basi tumshukuru Mungu kwa madaktari, na kwa wale wawafundishao, na kwa muuguzi akeshaye na taa yake.

La tatu, nalo ni gumu: Shukrani haijivuni. Kulipokaribia kupambazuka tuliambiwa kwamba mdogo wetu yu hai. Tukaanza kuimba. Lakini katika baraza ile ile alikaa mama mmoja, ambaye mwanawe alipasuliwa usiku ule ule, naye akafa. Shemeji akatunyamazisha kwa mkono, akaenda akaketi karibu naye, wala hakusema neno. Hapo ndipo nilipojifunza. Mama yule aliomba kama sisi, na machozi yake hayakupungua yetu. Atakayesema, "Wetu alipona kwa kuwa imani yetu ni kubwa," amempiga mfiwa huyu mara ya pili. Hatujui kwa nini mmoja aliachwa na mwingine akatwaliwa. Twajua tu kwamba Bwana aliyesulubiwa alikuwa kwenye mabenchi yote mawili.

Katika wakoma kumi waliotakaswa, mmoja tu alirudi, naye Msamaria. Tisa walipona ngozi. Huyu alirudi akamwona Mponyaji. Mdogo wangu hata leo mkono wake wa kuume ni dhaifu, naye hufunga vifungo vya shati polepole. Asema kila kifungo humkumbusha kushukuru. Sisi nasi tumeazimia kurudi kwa matendo: kutoa damu hospitalini kwa ajili ya wengine, kutopanda pikipiki pasipo kofia ngumu, na kutomwacha alale mpaka asubuhi mtu aliyeumia kichwa akaanza kutapika au kusinzia.

Maswali ya kuzungumza katika usharika:
1. Je, kwetu nani hulala mlangoni kwa kukosa wa kumbeba?
2. Twawezaje kushukuru mbele ya mfiwa pasipo kumwumiza?
3. Ulipopona mara ya mwisho, ulirudi?

Bwana atupe miguu ya wale wanne, na moyo wa yule mmoja. Amina.