Dawa za Kuvuta na Pumzi ya Mtoto Mchanga

Wakati wa baridi huko Mkumbi, wilayani Mbinga, mtoto wa miezi minne huweza kuanza na mafua tu. Baada ya siku mbili au tatu huhema kwa kasi, kifua kikilia na mbavu zikibonyea. Huenda huo ni ugonjwa wa bronkiolitisi, ambao mara nyingi huletwa na virusi vya RSV, vilivyogunduliwa mwaka 1956.

Virusi hivyo hushambulia vijia vyembamba kabisa vya hewa mapafuni. Kuta zake huvimba, na ute huviziba. Upana wa kijia ukipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya hewa huongezeka takriban mara 16. Ndiyo sababu mtoto mchanga huumia kuliko mtu mzima.

Je, dawa ipi ya kuvuta itamfaa? Salbutamoli hulegeza misuli inayobana vijia vya mwenye pumu. Lakini hapa kizuizi kikubwa ni uvimbe na ute, wala si misuli. Kwa hiyo majaribio mengi hayakuonyesha faida ya kutegemewa. Adrenalini hubana mishipa ya damu, hivyo ilitarajiwa ipunguze uvimbe. Matarajio hayo yalipimwa katika nchi zenye vifaa tele. Huko Kanada, utafiti wa watoto 800 katika idara 8 za dharura, uliotangazwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa adrenalini peke yake haikupunguza kwa uhakika idadi ya waliolazwa. Nchini Norway, mwaka 2013, ilitangazwa kuwa watoto 404 waliolazwa walivutishwa ama adrenalini ama maji ya chumvi; siku zao hospitalini hazikutofautiana. Pasipo kundi la kulinganisha, nafuu iletwayo na siku ingehesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Kwa zahanati ya mlimani, somo ni hili: kukosa mashine ya kuvutisha dawa si kukosa tiba. Mtoto asafishwe pua, anyonyeshwe kidogo kidogo, na apewe oksijeni ikiwa kiwango chake katika damu kimeshuka chini ya asilimia 90. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika (60 kwa aliye chini ya miezi miwili), mbavu kubonyea, kushindwa kunyonya, au midomo kugeuka rangi ya buluu ni dalili za hatari. Hapo hapana budi safari ya hospitali ianze mara moja.