Dondoo muhimu: Kukagua RAM ya kompyuta ya mezani wakati wa uhaba

Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imekuwa adimu na ghali, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu nyingi kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa kompyuta inayochora ramani za miamba Geita, ukubwa hutangulia kasi: GB 32 za kasi ya kawaida hufaa kuliko GB 16 za kasi kubwa. Kasi nayo haisomwi peke yake, bali pamoja na CL, yaani idadi ya mizunguko ya kusubiri. DDR5-6000 yenye CL30 na DDR5-6400 yenye CL32 zote husubiri nanosekunde 10. Angalia pia aina: DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5. RAM ya mtumba, iwe ya Kahama au Shinyanga mjini, ijaribiwe kwa programu ya MemTest86 kabla ya kulipiwa, hata muuzaji akinuna. Kosa moja latosha kuikataa. Kasi ya kwenye lebo mara nyingi haipatikani mpaka mpangilio wa kasi wa XMP au EXPO uwashwe kwenye BIOS.