SOMO LA ROBO HII: Mkeka, Kiti na Pumzi – Mazoezi kwa Wenye Ugonjwa wa Parkinson



Kigoma mjini, Ujiji na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mzee akianza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na kuongea kwa sauti ndogo, watu husema ni uzee. Wengine husema ni ulevi, wengine amerogwa. Polepole anaacha kwenda mwaloni, anaacha kuja mikutanoni, na mwisho anabaki ndani. Huenda ana ugonjwa wa Parkinson. Somo hili linaonyesha jambo ambalo familia na usharika wanaweza kumfanyia hata pale dawa ni shida kupatikana.

Ugonjwa huu ni nini?

Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo zipo seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huusaidia mwili kujongea kwa wepesi. Seli hizo zikifa, mwili unakuwa mzito na mkakamavu, mgonjwa anainama mbele, hatua zinakuwa fupi na kuanguka kunakuwa rahisi. Wengi hutetemeka, lakini si wote. Ugonjwa hauambukizi. Hauna tiba ya kuuponya kabisa, ila dawa yenye levodopa hupunguza dalili.

Tunajifunza nini kutoka Hai?

Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Hai iko jirani na Hospitali ya KCMC, Moshi. Sisi wa Kigoma tuko mbali zaidi na mabingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana.

Utafiti mwingine wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2010, uliwachukua wagonjwa 21 ambao hawakuwa wametumia dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara, nusu saa kila mara, mara tisa katika wiki tatu. Hatua zao zilirefuka na mwendo ukaongezeka. Mazoezi hayakuwaponya, lakini yaliwasaidia kutembea vizuri zaidi.

Pilates ni mazoezi gani?

Joseph Pilates alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1883. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alizuiliwa na Waingereza kama raia wa nchi adui, na katika miaka ya 1920 alifungua ukumbi wake New York. Alifundisha kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na nyonga kwa mijongeo ya polepole inayokwenda na pumzi. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Parkinson ni chache na ndogo, lakini zinaonyesha kwamba kwa wale ambao ugonjwa haujawa mkali mazoezi haya ni salama na yanaweza kuipa miguu nguvu. Mashine zenye springi si lazima.

Mazoezi matano ya nyumbani

1. *Pumzi.* Kaa wima kwenye kiti imara, nyayo zote zikigusa chini. Vuta pumzi kwa pua hadi mbavu zipanuke. Itoe kwa mdomo huku ukivuta kitovu ndani.
2. *Kugeuka.* Ukiwa umekaa, kunja mikono kifuani, geuza kiwiliwili kulia, kisha kushoto. Anayegeuza dagaa mchangani anauhitaji mjongeo huu.
3. *Kusimama.* Sogea ukingoni mwa kiti, rudisha nyayo nyuma kidogo, inamisha kifua mbele, kisha simama. Keti tena polepole. Zoezi hili humsaidia anayekalia kigoda.
4. *Kuinua nyonga.* Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo chini. Toa pumzi ukiinua nyonga, kisha zishushe taratibu.
5. *Kuvuka mistari.* Chora mistari chini kwa chaki au fimbo, uivuke kwa hatua ndefu. Anayepanda mtumbwi anahitaji kuinua mguu namna hii.

Anza kwa kurudia kila zoezi mara tano, na ongeza kidogo kidogo.

Tahadhari

- Kwanza mgonjwa apimwe hospitali, maana kutetemeka kuna sababu nyingi. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na asiache dawa bila ushauri wa daktari.
- Anayetumia dawa afanye mazoezi wakati dawa inafanya kazi, si wakati imeisha nguvu.
- Msaidizi akae karibu. Asiyeweza kuinuka kutoka chini abaki na mazoezi ya kiti.
- Akitoka kulala aketi kwanza kabla ya kusimama, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.
- Miguu ikiganda mlangoni, msimvute mkono. Asimame, ahamishe uzito upande mmoja, kisha avuke mstari uliochorwa mbele yake.
- Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Tunaziomba kamati zifanye mambo matatu. Kwanza, zitembelee nyumba zenye wazee wasioonekana tena na kuwasaidia wafike hospitali. Pili, zichague wasaidizi wawili katika kila mtaa wafundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Tatu, zitenge siku mbili za mazoezi ya pamoja kila wiki, kwa kuwa mtu akiwa peke yake huacha mapema.

Kwa wafadhili wetu, mahitaji ni mikeka, viti imara na chaki, lakini kubwa zaidi ni nauli ya mtaalamu kuvifikia vijiji vinavyofikika kwa boti. Jengo jipya halihitajiki. Mtaalamu asiporudi kuwaona wagonjwa, mazoezi yatafanywa vibaya au yatakufa. Hivyo tunaomba fedha za safari za mwaka mzima, si za semina ya siku moja.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni mzee gani ameacha kutoka nje, na nani amekwenda kumwona?
2. Tunasema nini tunapomwona mtu anatetemeka? Maneno hayo yanamsaidia kwenda hospitali au yanamficha?
3. Kila mgonjwa tunayemfahamu anatamani kurudia kazi gani, na ni zoezi lipi kati ya matano linaloiandaa kazi hiyo?