Tandiko Chafu Hula Mgongo wa Punda



Hapa Kaloleni na mitaa mingine ya Eastlands, mifereji ikikauka ndipo tunaona thamani ya punda. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, na ni yeye anayeivuta. Huko mashambani hubeba kuni na mahindi. Nyumba nyingi zinakula kwa mgongo wake, lakini mgongo huo huo mara nyingi una kidonda.

Leo tujifunze chanzo kimoja cha kidonda ambacho tunaweza kukiondoa wenyewe: uchafu wa tandiko, yaani kile kitambaa kinene kinachokaa kati ya ngozi ya mnyama na mikanda au mzigo.

Uchafu unaumiza vipi?

Punda akifanya kazi hutoka jasho. Jasho likikauka huacha chumvi. Chumvi, vumbi na manyoya hushikana vikawa ganda gumu, na kesho yake ganda hilo husugua ngozi kama msasa. Kwanza manyoya hunyonyoka, halafu ngozi huchubuka, mwishowe ni kidonda. Tena tandiko likiazimwa huku na huku hueneza choa, na choa huambukiza hata mtu.

Kila jioni

1. Vua tandiko. Lianike, upande wa jasho ukiangalia juu.
2. Likishakauka, likung'ute na ulipige kwa fimbo.
3. Sugua kwa burashi ngumu ya kufulia, ukielekea upande mmoja tu. Manyoya yakikataa kutoka, chukua kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, kiloweshe kidogo, uvute nacho. Yatajikusanya kama uzi.
4. Pitisha kiganja pole pole. Ukigusa mwiba, fundo au mkunjo, utoe. Kinachokuchoma wewe kitamchoma na yeye.

Kila wiki

Toa manyoya kwanza, ndipo utie maji. Ukianza na maji, manyoya yatajisokota ndani ya kitambaa na hayatatoka tena. Kanuni hii si ngeni kwa jirani zetu. Kabla mbio za farasi hazijahamia Ngong Road mwaka 1954, zilikuwa zikifanyika Kariokor, na jina la Racecourse Road bado linatukumbusha. Kazi ya saisi wa farasi na ya mwenye punda ni moja.

Fua kwa sabuni kidogo ya kipande. Usitie dawa ya kung'arisha nguo. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, maana sabuni iliyobaki ikikutana na jasho huwasha ngozi. Maji ya suuza ya mwisho yatumie kulowekea tandiko la pili. Usilisokote; likamue kwa kulikandamiza, kisha anika juani mpaka likauke hadi ndani. Tandiko bichi hulainisha ngozi, nayo huchubuka upesi. Mikanda ya ngozi usiiloweke: pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, paka mafuta kidogo.

Kabla ya kumtandika, mpige punda burashi mgongoni. Tandiko safi juu ya mgongo mchafu ni kazi bure. Gunia la nailoni lisiguse ngozi, kwa sababu halinyonyi jasho. Blanketi kuukuu la pamba ni bora.

Kidonda kikiwa tayari kimetokea, mpumzishe. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usipake oili chafu ya gari. Mwite daktari wa mifugo.

Kwa nini tujisumbue?

Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta Kenya ina punda karibu 1,800,000. Ile ya 2019 ilikuta karibu 1,200,000 tu. Katikati hapo, kuanzia 2016, vichinjio vya punda vilifunguliwa na wizi ukazidi. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Hata hivyo, ukimpoteza punda leo, kumpata mwingine si rahisi.

Tumezoea kusema asante ya punda ni mateke. Je, asante yetu kwake ni nini?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni punda wangapi wana vidonda, na viko sehemu gani ya mwili?
2. Je, kila punda ana tandiko lake, lenye alama yake?
3. Tuchange nini ili kila mmoja awe na matandiko mawili, moja likauke wakati lingine liko kazini?
4. Nani atakagua kila Jumamosi?