Maji Hujaa Mara Mbili: Zoezi la Walimu Watatu

Ndugu mwalimu, tuanze na swali. Mwezi hupita juu ya Pemba mara moja tu katika siku; mbona basi bahari hujaa mara mbili? Mtoto wa mvuvi wa Micheweni aweza kuliuliza darasani bila ya kukusudia kumwaibisha mtu, kwani kujaa na kupwa kwa maji anakujua tangu hajaanza shule. Mwalimu aliyekariri kwamba mwezi huvuta maji hukwama hapo. Nami nilikwama, shahada yangu ya ng'ambo ikiwa mkononi, hadi mwenzangu aliponichorea kwenye kipande cha karatasi.

Jawabu ni hili. Mvutano hupungua kadiri umbali unavyozidi. Maji ya upande ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Kwa hiyo bahari huinuka pande zote mbili, na dunia inapozunguka Pemba hupitia miinuko yote miwili. Kwa kuwa mwezi nao unasogea, baina ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi.

Je, mwalimu aliye peke yake katika somo lake angelipata wapi karatasi ile? Pemba ina vituo vya walimu: Michakaini, Mitiulaya, Mizingani na Wingwi. Tangu mwaka 2010 umeme wa Tanga hufika kisiwani kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na simu zenye intaneti zimeenea. Lakini kumpelekea mwenzio picha ya ukurasa wa kitabu si kushirikiana.

Tuchukue walimu watatu, wa Micheweni, Wete na Mkoani. Wakutane kwanza kituoni, waliandae somo hili pamoja. Kisha kila mmoja na wanafunzi wake apime kina cha maji. Wete na Mkoani nguzo ya gati yenye alama za sentimita yatosha. Micheweni na usimikwe mti mrefu, kwani maji ya bamvua katika pwani yetu hupanda zaidi ya mita 3. Wapige picha kila nusu saa mchana kutwa, siku ya bamvua, na tena siku 7 baadaye, wakati wa maji mafu. Simu hutunza saa ya kila picha. Nambari, ambazo hazina gharama kubwa kuzituma, ziingizwe katika jedwali moja.

Hapana budi vipimo vitatofautiana, na hapo ndipo somo la mwalimu mwenyewe linapoanza. Je, mti ulizama topeni? Saa za simu zalingana? Alama ya sifuri ilianzia wapi? Kwa kuwa sifuri zao si moja, hawawezi kulinganisha kina. Waweza kulinganisha nyakati, na tofauti ya kujaa na kupwa.

Huko Japani walimu wamezoea kwa miaka mingi kuandaa somo kwa pamoja. Mmoja hulifundisha na wengine huwatazama wanafunzi, kisha hulirekebisha. Asiyeweza kusafiri kutoka Mkoani hadi Micheweni atazame filamu ya simu, ila kamera iwaelekee wanafunzi, si ubao.

Zoezi: Leo maji yamejaa saa 10 alasiri. Kesho alasiri yatajaa saa ngapi?